Mashujaa Waislamu kwenye katuni: nani kaandikwa na mtu anayeujua msikiti, nani kaandikwa na mtu aliyeuona kwenye taarifa ya habari

Kibonzo:

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa filamu mtu kasema Kamala Khan, yule Ms. Marvel, ndiye shujaa wa kwanza Muislamu katika vitabu vya katuni vya Marekani. Watu wakaitikia amina, mjadala ukafungwa. Wa kwanza wapi? Wenzake wamemtangulia kwa miaka sabini. Alichokifanya Kamala ni kingine kabisa, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Ni mrefu, anayetaka kupita apite, hatumdai.

Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili bado inanguruma, lilitoka Marekani jarida la Bomber Comics. Ndani yake mlikuwa na jamaa anaitwa Kismet, Mualjeria mwenye tarbushi kichwani, anawapiga Wanazi huko Ufaransa iliyokaliwa. Alidumu matoleo manne tu akapotea, hadi miaka ya karibuni mwandishi A. David Lewis alipomfufua na kumpeleka Boston.

Halafu 1978 DC, kampuni ya katuni ya Marekani, wakatoa toleo kubwa ambalo Superman anapanda ulingoni na Muhammad Ali. Jua jekundu limemwondolea nguvu, wanapigana mtu kwa mtu, na Superman anachakazwa mpaka uso unavimba. Ali hakuwa mtu wa kubuni, najua, lakini naliweka hapa kwa sababu nalipenda.

Sasa njoo 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11. X-Men, kundi la mashujaa la kampuni ya Marvel, wanamleta Sooraya Qadir, jina la kazi Dust, msichana wa Kiafghani anayegeuka mchanga na kuvuma kama dhoruba. Nguvu nzuri, hata mimi ningeitaka. Lakini mtazame alivyovaa: baibui jeusi na nikabu ya Uarabuni, wakati burka ya Afghanistan ni ile ya buluu yenye wavu machoni. Na neno lake la kwanza ni la Kiarabu, wakati kwao ni Kipashto na Kidari. Ni sawa na mchoraji wa Ulaya amchore bibi wa Tanga kajifunga shuka la Kimasai, kisha atuambie huyo ndiye Mtanzania.

Mwaka 2012 DC nao wakaleta Green Lantern mpya (shujaa anayepewa nguvu na pete), Simon Baz, kijana wa Dearborn, Michigan, asili yake Lebanon. Mwandishi Geoff Johns mwenyewe ni mtu wa Michigan na ana damu ya Lebanon, kwa hiyo nia haikuwa mbaya. Lakini angalia anavyoingia kwenye hadithi. Kwanza ni mtoto, anatazama minara ya New York ikiungua kwenye runinga. Ukifunua kurasa chache ni mtu mzima, kaiba gari, kumbe ndani kuna bomu, polisi wanamkimbiza, anakamatwa, anahojiwa kwa ugaidi. Pete inamkuta huko huko mikononi mwa wapelelezi. Yaani shujaa anafika tayari akiwa mtuhumiwa, na kazi yake ya kwanza si kuokoa mtu, ni kujisafisha.

Hapo ndipo kipimo changu kinapoanzia, na nataka mnipinge kwa hoja: je, mwandishi anajua kinachotokea nyumbani kwa Muislamu siku ya kawaida? Jumanne tu, isiyo na bomu wala mwandishi wa habari mlangoni. Asiyejua hilo hata umpe shujaa wake nguvu za kuhamisha milima, atabaki sanamu.

Naendelea baadaye, betri inakata.


Fundi Dishi:

Mkuu nimesoma yote, lakini swali langu ni dogo. Kwa nini dini itajwe? Superman dini yake nani anaijua? Spider-Man anasali wapi? Mtu anaokoa dunia, mnamuuliza cheti cha ubatizo. Nyie ndio mnaoleta udini mpaka kwenye katuni.


Kibonzo:

Fundi, wewe umezitazama filamu, vitabu hujavigusa. Daredevil ni Mkatoliki wa kwenda kuungama kwa padri. Nightcrawler wa X-Men naye Mkatoliki. Ben Grimm, yule wa mawe wa Fantastic Four, mwaka 2002 anaonekana akisoma sala ya Kiyahudi juu ya mzee aliyedhani anakata roho. Na Superman mwenyewe, 1938, alibuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Dini imo humo siku zote, ila ikiwa ya mwenye nyumba haionekani. Akija mgeni na ya kwake ndipo mnasema udini.


Ukhti Z:

Ngoja nimsaidie Kibonzo, maana anazungumza kiume tu.

Mimi vitabu sikuvisoma, nilianza na tamthilia ya Ms. Marvel ya 2022, ile ya Iman Vellani, vipande sita. Mwanzoni nilikuwa naangalia kwa jicho moja, nangoja waanze mambo yao: baba mkali, mtoto anafungiwa, hijabu inavuliwa mwisho wa sinema muziki ukipanda. Haikuja.

Kilichokuja kipande cha pili ni Nakia, rafiki yake Kamala, anatoka msikitini hakuti viatu vyake. Vimeibiwa! Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nani kati yetu hajarudi nyumbani na ndala zisizo zake? Halafu hao hao wasichana wanalalamika kwamba upande wa wanaume unang'aa, wa kwao umechoka, na imamu hawamwoni vizuri. Nakia hatoki kwenye dini kwa hasira, wala haandiki waraka. Anagombea ujumbe wa bodi ya msikiti. Wenye kujua siasa za kamati za misikiti watanielewa, hapo hata jini halifui dafu.

Huyo aliyeandika kile kipande alishawahi kukaa nyuma ya lile pazia. Huwezi kulitunga ukiwa ofisini.


Mpwani Halisi:

@Ukhti Z umetaja jini ukanikumbusha. Mbona hujasema kwamba hao hao waliojua viatu kuibiwa baadaye wakaingiza majini kwenye hadithi? Bibi mzaa bibi ana bangili, katoka ulimwengu mwingine, watu wanaitwa majini. Muislamu wa Hollywood hakosi jini, kama hakuna bomu basi kuna chupa.


Ukhti Z:

Hapo sikupingi. Kwenye vile vipande vya Karachi na treni ya 1947 nililia, lakini ile habari ya majini ingeweza kuachwa na hakuna ambaye angeiulizia.


Kibonzo:

Na ndiyo maana nasema kitabu kinaizidi tamthilia. Nirudi kwenye Kamala wa karatasi.

Kitabu chake kilianza Februari 2014. Mhariri Sana Amanat ni Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, mwandishi G. Willow Wilson alisilimu na akaishi Cairo, mchoraji Adrian Alphona. Kamala ni binti wa miaka 16 wa Jersey City. Ana baba mpole, mama anayeona kila kitu, na kaka aliyezama kwenye ibada kiasi cha kumtia wasiwasi hata baba yake mwenyewe. Nyumba nyingi zina kaka wa hivyo.

Anatoroka usiku kwenda kwenye sherehe ambayo amekatazwa. Ukungu unashuka, anapata nguvu za kubadili umbo. Na jambo la kwanza analofanya na nguvu hizo? Anageuka kuwa Mzungu. Nywele za dhahabu, kivazi kifupi, viatu virefu, kama shujaa Carol Danvers anayemhusudu, sura aliyokuwa akiiota kila siku. Muda si mrefu anagundua viatu vinambana, nywele zinamwingia machoni na kivazi kinampanda. Ukurasa huo una maana kuliko hotuba kumi kuhusu kujikubali, na umeandikwa kama kichekesho.

Halafu Zoe, msichana mwenzake wa shule aliyekuwa akimkebehi kwa tabasamu, analewa na kutumbukia kwenye maji. Kamala amesimama hapo. Kinachomjia kichwani ni aya ambayo baba yake huisoma kila akiona maafa kwenye runinga, moto au mafuriko au mabomu. Ni ile ya Surat al-Maida, kwamba anayeokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Anarefusha mkono unakuwa mkubwa kama jahazi, anamchota Zoe nje. Dini imetumika mara moja, kwa sentensi moja, na imetoka mdomoni mwa baba sebuleni. Sijaona katuni nyingine iliyolifanya jambo hilo kwa wepesi huo.

Kivazi chake naye alikishona kutokana na burkini iliyokuwa kabatini. Tena wazazi wanapompeleka kwa Sheikh Abdullah aonywe, anakwenda akijua atasomewa habari za wavulana na shetani. Sheikh anamsikiliza, anaona binti amedhamiria jambo la kusaidia watu, anamwambia basi lifanye kwa uadilifu na ujitafutie mwalimu. Toleo lile lile, mwalimu anatokea: Wolverine wa X-Men. Sheikh hakuwa na habari!

Kitabu cha kwanza kilichukua tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, 2015. Na Januari mwaka huo huo huko San Francisco, kulikuwa na matangazo ya kuupiga vita Uislamu yaliyobandikwa kwenye mabasi ya abiria. Watu wasiojulikana wakayabandikia sura ya Kamala juu yake. Simon Baz na pete yake hakuna aliyembandika popote.


Mpwani Halisi:

Kibonzo unaandika vizuri lakini unanikera. Kila mfano wako ni kampuni za New York. Wao ndio waliotuchora magaidi miaka yote, leo wametuchora vizuri mara moja mnapiga makofi. Mbona husemi habari ya The 99? Ile ilitengenezwa Kuwait, na Muarabu, kwa pesa za Waislamu, na mashujaa wake walitoka nchi chungu nzima. Haikungoja ruhusa ya mtu. Kile ndicho cha kujivunia, si mabaki ya Marvel.


Abu Sumayya:

Assalaam alaykum warahmatullah. Nimekuwa nasoma kimya lakini hapa nitasema. Hiyo The 99 ndugu Mpwani anayoisifia imechukua majina matukufu ya Mwenyezi Mungu ikawapa vikaragosi. Asmaul Husna tumefundishwa chuoni tangu wadogo kwa adabu, tunayasoma kwenye dua, leo mtoto aambiwe Jabbar ni kijana mnene wa misuli anayevunja kuta? Wanachuoni walilikataa hilo na walikuwa na haki. Kwetu hata kumwita mtu Rahman bila Abdul mbele wazee wanakemea. Sisemi kwa ubaya, nasema tusije tukasifia kitu kwa sababu tu kimetoka kwetu.


Kibonzo:

Waalaykum salaam shehe. Nilitaka kuifikia, na wewe na Mpwani mmeniletea mlangoni.

Kwa wasioijua: mwenyewe ni Dkt. Naif Al-Mutawa, mwanasaikolojia wa Kuwait. Kampuni yake Teshkeel ilianza kuitoa 2006. Na kisa chenyewe, semeni mtakalo, ni kizuri kuliko vingi vya Marvel. Mwaka 1258 Wamongolia wanaivamia Baghdad, vitabu vya maktaba vinatupwa mtoni Tigris, maji yanageuka meusi kwa wino. Wakutubi wanatengeneza dawa ya kuivuta ile elimu kutoka kwenye maji na kuihifadhi kwenye mawe 99. Mawe yanasafirishwa mpaka Andalusia, mwisho yanatawanyika duniani. Kila anayeokota moja anapata sifa moja. Ukombozi mzima wa dunia unaanzia kwenye maktaba iliyoharibiwa. Hilo wazo halikutoka New York.

Mashujaa: Jabbar wa Saudia, Noora wa Falme za Kiarabu anayeona nuru na giza ndani ya watu, Darr Mmarekani wa kiti cha magurudumu, Mumita Mreno, Batina wa Yemen aliyejifunika gubigubi na asiyeonekana akitaka. Na mle ndani hakuna anayesali wala kusoma aya, dini haitajwi kabisa. Al-Mutawa alisema makusudi yake ni sifa ambazo binadamu yeyote anaweza kuwa nazo, ukarimu, hekima, upole. Aliacha ile Al mbele ya majina, kwa hoja kwamba Al-Jabbar ni Mmoja lakini mtu anaweza kuwa na ujabari kidogo. Shehe, najua hoja hiyo haikutoshi. Lakini ujue pia kwamba benki ya uwekezaji ya Kiislamu ya Bahrain yenye bodi yake ya masheikh iliweka pesa humo, kwa hiyo wanachuoni hawakuwa na kauli moja.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha. Ilipofika Marekani, ikiwa tayari imeshatengenezewa filamu za katuni na kushirikiana na DC kwenye matoleo sita pamoja na Superman na Batman, wakazuka watu wa kusema ni sharia ya Kiislamu inayoingizwa kwa watoto kwa mlango wa nyuma. Kituo kilichotangaza kuirusha kikaiahirisha. Obama alimsifu Al-Mutawa hadharani Aprili 2010, na sidhani kama sifa ile ilimsaidia. Huku Ghuba, 2014, fatwa ikatoka Saudia, mashitaka ya kukufuru yakafunguliwa Kuwait, vitisho vya kuuawa vikamwagika mtandaoni. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeshasimama 2013.

Mpwani, mimi naiheshimu The 99 kuliko unavyodhani. Shida yangu ni ile ile. Dini imewekwa kwenye nguvu za shujaa, halafu nyumbani kwake hakuna kitu. Jabbar anakula nini futari? Noora anagombana na mama yake kuhusu nini? Sijui, na nimezisoma. Walioitazama kutoka nje waliona sharia, walioitazama kutoka ndani waliona kufuru, na hakukuwa na mtu wa kawaida pale katikati wa kumtetea. Kamala alipotukanwa, wasomaji walishajua jina la kaka yake.


Mpwani Halisi:

Kwa hiyo kosa la Al-Mutawa ni kutoonyesha futari? Mkuu acha hizo. Yule mtu alishitakiwa kwao na kuzuiwa ugenini. Hata angeonyesha futari na sambusa zake wangemzuia. Kamala kaponea kwa sababu nyuma yake kuna Disney, wenye Marvel.


Kibonzo:

Disney ina nguvu, nakubali. Lakini Sooraya naye ana Marvel ile ile nyuma yake tangu 2002. Nitajie jina la rafiki yake.


Mwalimu wa Zamu:

Vijana, naona mnapigana wakati mzigo uko nyuma ya nyumba.

Yule adui mkubwa wa Batman, Ra's al Ghul, kaingia kwenye vitabu vya DC Juni 1971, na 2005 kwenye filamu kachezwa na Liam Neeson. Wangapi hapa mnajua kwamba jina hilo lilishakuwa la adui katika Kiswahili kabla Batman hajazaliwa? Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, maelfu ya beti. Dhalimu huyo yuko Yemen, mwanamke aliyeuliwa wanawe anakuja kumshitaki Madina kwa Mtume, na masahaba wanaondoka kwenda kumtia adabu, Seyyidna Ali akiwa ndiye nguzo. Anapiga pigo moja la upanga anampasua adui pamoja na farasi wake. Mnaita nini hizo kama si nguvu za ajabu?

Na wanaolalamika kwamba wanawake hawakuwamo, kuna Mikidadi na Mayasa. Mayasa ni mpiganaji, kaapa hataolewa ila na atakayemshinda vitani. Wanaume wanakuja mmoja mmoja anawaangusha. Mikidadi, binamu yatima na maskini, ndiye anayemshinda, na hapo baba mtu anaanza kutaja mahari isiyolipika. Babu zetu walikuwa wakizisikiliza tenzi hizi usiku kucha, na hakuna aliyeuliza kama shujaa Muislamu anaruhusiwa.

Abu Sumayya, nakutania, lakini wazee wale walikuwa na adabu na dini kutuzidi sisi.


Abu Sumayya:

Mwalimu, tenzi zilisomwa, hazikuchorwa. Hiyo ni tofauti kubwa na wewe unaijua. Na zimejaa chumvi, hilo nalo wanachuoni wamelisema. Lakini ya Mikidadi nilisomewa na bibi yangu, Mungu amrehemu, kwa hiyo hapo nanyamaza.


Fundi Dishi:

Leo nimejifunza Batman kamwibia Mgeni bin Faqihi 😂 Tudai fidia.


Mwalimu wa Zamu:

Hakuibiwa mtu, kisa cha asili ni cha Kiarabu na kila mmoja kachota kwa ndoo yake. Fidia peleka Yemen.


Mama Wawili:

Samahani wapendwa, naomba msaada wa mama wa kawaida. Nina binti wa miaka saba na kaka yake wa kumi. Binti kaanza kuniuliza kwa nini hakuna anayevaa ushungi kwenye katuni. Nimuwekee nini? Hao wa X-Men naona wakubwa.


Ukhti Z:

Mama Wawili, kuna moja ya Pakistan, Burka Avenger. Lakini soma kwanza nitakayosema.

Ilianza Julai 2013, kaitengeneza mwanamuziki wa huko anaitwa Haroon. Jiya ni mwalimu wa shule ya wasichana katika mji wa kubuni, Halwapur. Wabaya ni Baba Bandook mwenye ndevu zake na mwanasiasa fisadi Vadero Pajero, wanataka shule ifungwe. Jiya anavaa burka nyeusi na kuwapiga kwa vitabu na kalamu. Kalamu zinaruka kama mishale. Kumbuka Malala alipigwa risasi Oktoba 2012, kwa hiyo watoto wa kule hawakuhitaji kuelezwa kisa kinahusu nini. Ilipata tuzo ya Peabody, ya Marekani ya vipindi vya utangazaji.

Kule Pakistan wapo wanawake waliolalamika: kwa nini msichana awe na nguvu akiwa kajifunika tu? Jiya mchana akifundisha havai hata ushungi, burka ni ya kujificha sura kama barakoa ya Batman. Mimi sikukwazwa na burka. Kilichonikwaza ni kwamba wabaya wamechorwa wabaya mpaka kwenye meno, na mtoto anaondoka akidhani mtu mbaya anajulikana kwa sura. Lakini watoto wa mtaani kwake, Ashu na Immu na Mooli pamoja na mbuzi wao Golu, hao binti yako atawapenda.

Akishakuwa mkubwa kidogo, mtafutie Qahera ya Deena Mohamed, Mmisri, aliianza mtandaoni 2013 akiwa na miaka 18. Mwenye hijabu, anapaa juu ya Cairo, anawatundika wanaume wanaosumbua wanawake barabarani. Na anawageukia pia wanaharakati wa Ulaya wanaokuja kumwokoa na hijabu yake bila kuombwa. Hiyo ya kwanza ya wanaume barabarani ningeibandika kila stendi ya daladala.


Kibonzo:

Mama Wawili, Ukhti Z kasema vizuri, mimi nitakuongezea moja ambayo ndiyo ningeanza nayo. BoBoiBoy, ya Malaysia, ilianza 2011.

Mvulana anakwenda kukaa kwa babu yake, Tok Aba, mwenye kibanda cha kakao. Anatokea kiumbe wa kijani kutoka sayari nyingine, Adu Du, anayetaka kuipora kakao ya dunia kwa sababu kwake ni nishati. Watoto wanapewa nguvu na roboti mmoja wa mviringo. BoBoiBoy anajigawa kuwa watatu: radi, upepo, ardhi. Kaka mtu wa miaka kumi utamkosa kwenye meza ya chakula.

Na humo yumo Yaya. Ushungi wa waridi mwanzo hadi mwisho. Nguvu zake ni kuamuru uzito wa vitu, anaruka, anarusha magari. Rafiki zake ni Ying wa asili ya Kichina na Gopal wa asili ya Kihindi. Ushungi wake hakuna anayeuzungumzia. Hakuna kipande cha kuuelezea, hakuna anayemuonea huruma, hakuna anayetaka kumvua. Kinachozungumzwa kila mara ni biskuti zake. Anapenda kupika biskuti na ni mbaya, mbaya kiasi kwamba maadui wanaogopa, wenzake wanatafuta visingizio, na yeye hajui.

Mwenye kipimo changu aanzie hapo. Waliomchora Yaya hawakuwa wakimtetea mtu mbele ya mtu. Ni msichana wa mtaani kwao, kila asubuhi wanapishana naye akienda shule.


Mpwani Halisi:

Hiyo ya Malaysia nakubali, wanangu wanaijua. Na haikutoka New York, nakukumbusha tu.


Kibonzo:

Umekumbusha vyema. Sasa tuulizane ya kwetu. Dar wapo Ubongo wanaotoa katuni za Kiswahili tangu 2014, hesabu na sayansi, watoto wa Kigoma na wa Lamu wanaimba nyimbo zao. Wachoraji tunao, sauti tunazo. Mwalimu ana Mayasa mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa aandike siku moja ya Mayasa wa Makunduchi kabla hajaanza kupiga watu: kaamshwa na nani, kachelewa chuo kwa nini, mama kamtuma nini dukani.


Fundi Dishi:

Na baba kataja mahari gani.


Mwalimu wa Zamu:

Ngamia na dhahabu, Fundi. Ukizipata nitafute, nina mpwa.


Mama Wawili:

Ahsanteni sana. Kaka kaipata BoBoiBoy mtandaoni, wako na sauti ya Kiingereza, wameshamaliza vipande vitatu na chai imepoa. Binti kauliza kama na yeye akivaa wa waridi ataruka. Nimemwambia aanze na kumaliza juzuu. Swali jingine: hizo biskuti zake, kuna kipande anachofanikiwa hata kimoja? Maana hapa kuna mtu ameshaingia jikoni.


Kibonzo:

Mtoe jikoni haraka.